Kumchagulia mtoto vitabu: Mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa pesa

KILA mwaka masomo yanapokaribia kuanza, foleni huwa ndefu katika maduka ya vitabu mijini. Wazazi hushika orodha walizopewa na shule, wakatafuta vitabu vya kiada kimoja baada ya kingine, wakajumlisha gharama, kisha wakaondoka wakiwa wamesaza nauli tu. Ni wachache mno wanaotoka humo na kitabu cha hadithi ambacho hakikuagizwa na mwalimu.

Mazoea haya yana madhara yake. Mtoto ambaye hajawahi kuona kitabu nyumbani isipokuwa cha kufanyia zoezi hukua akiamini kwamba kitabu ni chombo cha mtihani. Siku mtihani unapokwisha, naye hukitupa.

Tathmini za shirika la Uwezo, zilizoanza nchini mwaka wa 2009, zimeonyesha mara kwa mara kuwa wanafunzi wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma kwa ufasaha hadithi iliyoandikiwa wenzao wa darasa la pili. Mpango wa Tusome, uliotekelezwa kote nchini kuanzia 2015, ulikusudiwa kuziba pengo hilo kwa kumpa kila mwanafunzi wa madarasa ya chini vitabu vyake vya Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo, shule haiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Wahenga walinena kuwa udongo upate ungali maji, na mtoto huanza kuipenda lugha ya vitabu miaka mingi kabla ya kuvaa sare.

Kununua vitabu vingi bila mpango nako si dawa. Kitabu kisichomfaa mtoto kwa umri, lugha au maudhui huishia chini ya kitanda, na mzazi aliyetoa pesa zake hukata kauli kwamba mwanawe hapendi kusoma. Mara nyingi kosa huwa la uteuzi wala si la mtoto.

UMRI WA MTOTO

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka wa 2014 kikiwataka madaktari wawahimize wazazi kuwasomea watoto kwa sauti tangu wanapozaliwa. Huenda pendekezo hilo likamshangaza mzazi anayejiuliza mtoto wa miezi mitatu ataelewa nini. Jibu ni kwamba mtoto huyo haelewi hadithi, bali huizoea sauti, mahadhi ya lugha na pumzi ya anayempakata. Kutokana na hayo ndipo msamiati wake huchipuka.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja anafaa kununuliwa kitabu chenye kurasa ngumu za kadibodi, kwa kuwa ataking'ata, atakivuta na kukirusha. Picha ziwe kubwa, chache na zenye rangi zinazotofautiana waziwazi, kama vile nyeusi na nyeupe. Vitabu vilivyobandikwa vifungo, shanga au vipande vinavyoweza kubanduka viepukwe, kwani mtoto wa umri huo huweza kuvimeza vikamkaba koo.

Kati ya mwaka mmoja na mitatu, mtoto hupenda kutaja majina ya vitu. Vitabu vya wanyama, matunda, vyombo vya jikoni, magari na sehemu za mwili humpa fursa ya kuonyesha kwa kidole na kutamka. Maneno machache kwa kila ukurasa yanatosha. Maneno yanayojirudia humfaa zaidi, kwa sababu baada ya siku chache ataweza kukamilisha sentensi kabla ya anayemsomea.

Anapofika miaka minne na kujiunga na PP1, mtoto huwa tayari kwa hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho. Hapa ndipo ngano za sungura na fisi, mashairi mepesi, vitendawili na vitanza ndimi huwa na thamani kubwa. Michezo hiyo ya sauti humfundisha mtoto kwamba maneno yameundwa kwa silabi, na ujuzi huo ndio msingi wa kusoma.

Kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tatu, mtoto anahitaji vitabu vya aina mbili kwa wakati mmoja. Kwanza ni vile anavyoweza kujisomea, vyenye sentensi fupi na herufi kubwa zilizoachana vyema. Pili ni vile vinavyozidi uwezo wake kidogo, ambavyo mzazi au ndugu mkubwa atamsomea. Mzazi anayenunua vile vigumu pekee humvunja mtoto moyo, na anayenunua vile vyepesi pekee humdumaza.

Ipo njia rahisi ya kupima ugumu wa kitabu papo hapo dukani. Mtoto afungue ukurasa wowote na kusoma, huku akikunja kidole kimoja kila anapokutana na neno asilolijua. Akikunja vidole vyote vitano kabla ya kufika mwisho wa ukurasa, kitabu hicho bado ni kigumu kwake kujisomea. Si lazima kirudishwe rafuni, mradi yupo wa kumsomea.

LUGHA IPI?

Wazazi wengi mijini hununua vitabu vya Kiingereza pekee, wakidhani kwamba ndivyo watakavyompa mtoto nafasi bora shuleni. Dhana hii imekita mizizi, ilhali inakinzana na sera ya elimu nchini. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka wa 1976, pendekezo limekuwa kwamba mtoto afundishwe katika miaka mitatu ya kwanza kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019 kuanzia shule za chekechea hadi gredi ya tatu, haukuiacha sera hiyo.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha anayoizungumza ana kazi moja tu, nayo ni kuoanisha herufi na sauti anazozijua. Anayejifunza kwa lugha ngeni ana kazi mbili kwa mpigo: kutambua herufi na kukisia maana. Akishaweza kusoma kwa lugha moja, huuhamisha ustadi huo hadi kwa nyingine kwa urahisi.

Kiswahili kina faida ya ziada kwa msomaji anayeanza, kwa sababu herufi zake hutamkwa jinsi zinavyoandikwa. Mtoto aliyezimudu silabi za ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno refu asilolifahamu, jambo ambalo mwenzake anayeanza na Kiingereza hawezi kulifanya mapema hivyo.

Kuhusu lugha za mama, vitabu vya watoto si vingi, lakini vipo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika katika miaka ya themanini vitabu vya watoto kwa Kikuyu kuhusu mvulana aitwaye Njamba Nene, na baadaye vikatafsiriwa kwa Kiingereza. Mwandishi mwenye sifa duniani kote hakuona haya kumwandikia mtoto kwa lugha ya nyumbani kwake. Mzazi naye hana sababu ya kuona haya kumsomea mwanawe kwa lugha hiyo.

Jambo la msingi ni mchanganyiko. Nyumba yenye vitabu vitano inaweza kuwa na viwili vya Kiswahili, viwili vya Kiingereza na kimoja cha lugha ya mama.

PICHA NA MAZINGIRA

Kwa mtoto asiyejua kusoma, picha ndizo hadithi. Mnunuzi anafaa kukipekua kitabu chote bila kusoma neno hata moja, kisha ajiulize: je, kisa kinaeleweka? Kama jibu ni la, mchoraji hakuifanya kazi yake ipasavyo. Vitabu vingine huwa na jalada la kuvutia ilhali ndani mna michoro iliyofifia isiyohusiana na maandishi. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

Jambo la pili ni nani anayeonekana katika picha hizo. Mtaalamu wa fasihi ya watoto nchini Marekani, Rudine Sims Bishop, alieleza mwaka wa 1990 kwamba kitabu chaweza kuwa kioo ambamo mtoto hujiona, au dirisha analochungulia maisha ya wengine. Mtoto anayepewa madirisha pekee, yaani vitabu vya theluji, majumba ya kifalme na matunda asiyoyajua, huweza kudhani kuwa maisha ya kwao hayastahili kuandikwa.

Si kwamba vitabu vya ng'ambo havifai. Baadhi yake vimeandikwa kuhusu Kenya yenyewe na vimetiwa picha za kupendeza. Kisa cha kiboko Owen na kobe mzee aitwaye Mzee, waliofanya urafiki katika bustani ya Haller mjini Mombasa baada ya mkasa wa tsunami wa Desemba 2004, kilichapishwa kitabuni 2006 kikiwa na picha za kamera. Kitabu Mama Miti, kilichotoka 2010, kinasimulia maisha ya Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004.

Vilevile, mnunuzi achunguze jinsi wasichana, wazee, watu wenye ulemavu na jamii mbalimbali wanavyosawiriwa. Ikiwa katika kila kitabu mvulana ndiye anayepanda mti na msichana ndiye anayeosha vyombo, mtoto hupata somo ambalo halikuandikwa popote.

HADITHI AU MAHUBIRI?

Vitabu vingi vya watoto humalizika kwa funzo lililoandikwa waziwazi: usiseme uongo, tii wazazi, nawa mikono. Maadili ni muhimu, na fasihi simulizi ya Kiafrika imeyabeba tangu jadi. Hata hivyo, fanani hodari hakuanza kwa kuhubiri. Alisema paukwa, hadhira ikaitikia pakawa, kisha akawapeleka wasikilizaji katika safari yenye hofu, kicheko na mshangao hadi funzo likajidhihirisha lenyewe.

Kitabu kizuri hufuata nyayo za fanani huyo. Mzazi asome kurasa mbili za kwanza dukani. Iwapo yeye mwenyewe hatamani kujua kitakachofuata, haelekei mtoto atatamani.

Achunguze pia usanifu wa lugha. Makosa ya tahajia, upatanisho mbaya wa ngeli na sentensi zilizotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza si kasoro ndogo katika kitabu cha mtoto. Mtu mzima huyaruka, lakini mtoto huyaiga.

Vibonzo navyo visidharauliwe. Mchoraji Gado alichapisha Abunuwasi kwa Kiswahili mwaka wa 1996 kupitia shirika la Sasa Sema, akaonyesha kwamba hekaya za kale zaweza kusimuliwa kwa michoro na zikavutia. Kwa mtoto anayekwepa kurasa zilizojaa maandishi, kibonzo huwa daraja la kumvusha.

Mwelekeo mwingine unaofaa ni kufuatilia tuzo. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka wa 1974 na husimamiwa na Chama cha Wachapishaji nchini, ina vitengo vya vitabu vya watoto kwa Kiswahili na Kiingereza. Kushinda tuzo si hakikisho kwamba mtoto atakipenda kitabu, lakini ni ishara kuwa kimepita mikononi mwa waamuzi.

KITABU HALALI NA NAKALA BANDIA

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini (KICD) hutathmini vitabu vya shule na kutoa orodha ya vilivyoidhinishwa, maarufu kama Orange Book. Orodha hiyo ndiyo mwongozo kwa yeyote anayenunua kitabu cha kiada. Kitabu cha hadithi cha kusomwa nyumbani hakilazimiki kuwemo, na mzazi asikikatae kwa sababu hiyo pekee.

Nyuma ya jalada huwa na nambari ya ISBN, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Vitabu vya Kenya hutambulika kwa nambari zinazoanza na 978-9966 au 978-9914. Katika kurasa za mwanzo panafaa kuwa na jina la mwandishi, mchoraji, mchapishaji, anwani na mwaka wa kuchapishwa. Taarifa hizo zikikosekana, mnunuzi ana haki ya kushuku.

Nambari hiyo peke yake haitoshi, kwani walaghai huiga kila kitu. Nakala bandia aghalabu huwa na karatasi nyepesi zinazoonyesha maandishi ya upande wa pili, wino unaopakaa kidoleni, picha zilizofifia, mistari iliyopinda na kurasa zilizoruka. Gundi yake huachia baada ya siku chache, jambo ambalo kwa kitabu cha mtoto humaanisha hasara ya papo hapo. Anayekinunua pia humnyima mwandishi malipo yake, na mwandishi asiyelipwa hataandika kingine.

GHARAMA NA NJIA ZA KUIPUNGUZA

Bei ni kikwazo cha kweli. Sheria ya Ushuru wa Thamani ya Ziada (VAT) ya mwaka wa 2013 ilivitoza vitabu asilimia 16. Kwa hesabu ya haraka, kitabu ambacho kingeuzwa Sh500 bila ushuru hufika Sh580, na Sh80 hizo zinatosha kumfanya mzazi mwenye kipato kidogo akirudishe rafuni.

Hata hivyo, tangu Januari 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja na kuvipeleka katika shule za umma, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake. Mzazi wa shule ya umma aliyepunguziwa mzigo huo anaweza kutenga sehemu ya pesa hizo, hata ikiwa ndogo, kwa kitabu cha hadithi kimoja kila muhula. Kwa muhula tatu za mwaka, mtoto anayeanza PP1 atakuwa na vitabu 15 atakapomaliza gredi ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara katikati mwa jiji la Nairobi na miji mingine ni njia nyingine. Mnunuzi anayeinama na kuvipekua kwa subira hupata vitabu vya kadibodi na vya picha kwa bei nafuu. Ahakikishe tu kwamba kurasa zote zimo, havina ukungu na havijachorwachorwa mno. Kitabu cha mitumba si nakala bandia, kwani mwandishi alilipwa kilipouzwa mara ya kwanza.

Kuazima nako ni chaguo linalosahaulika. Huduma ya Maktaba za Kitaifa (KNLS) iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965, na mwaka wa 1996 ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji kaskazini mashariki mwa nchi. Chini ya Katiba ya 2010, maktaba ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, hivyo mwananchi ana haki ya kuuliza kaunti yake inafanya nini. Jijini Nairobi, maktaba za mitaa ya Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa kupitia shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, na kutengewa watoto nafasi.

Kwa mwenye simu na intaneti, mradi wa African Storybook uliozinduliwa mwaka wa 2014 unatoa bila malipo hadithi fupi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na zinaruhusiwa kupigwa chapa. Walimu wa shule za mashambani wanaweza kuzichapisha chache na kuzifunga kwa uzi. Hata hivyo, kwa mtoto mdogo simu isichukue nafasi ya karatasi. Kitabu hakimwiti mtoto kwenda kutazama katuni katikati ya hadithi.

Mwisho, majirani wanaweza kubadilishana. Familia nne zikinunua vitabu vitatu kila moja na kuvizungusha, kila mtoto husoma 12.

KAZI INAYOBAKI NYUMBANI

Mtoto apewe nafasi ya kuchagua. Mzazi achague vitabu vitatu vinavyofaa kwa vigezo vilivyotajwa, kisha mtoto ateue kimoja. Akichagua cha magari kwa mara ya nne, aachwe. Akiomba asomewe kisa kilekile kila usiku kwa mwezi mzima, asomewe, kwa sababu marudio ndiyo yanayompa umilisi wa maneno.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijitenge. Anaweza kufungua kitabu cha picha na kusimulia anachokiona, akamuuliza mtoto nini kitatokea, au akamsikiliza anaposoma. Nyanya na babu wengi waliwalea wasimulizi hodari bila kushika kalamu. Kinachomjenga mtoto ni yale mazungumzo yanayozunguka ukurasa.

Dakika kumi kila jioni zinatosha kwa kuanzia. Kitabu kiwekwe mahali ambapo mtoto anaweza kukifikia, si juu ya kabati kwa kuhofia kuchanika. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimelipa gharama yake, ilhali kilichotunzwa kikiwa kipya hadi mtoto akakua hakikumfaa mtu.